Mgeni wa Upande wa Kiumeni

Sehemu ya Sita

Zzzp. Kimya. Zzzp.

Nilifumbua macho gizani nikaijua sauti: zipu ya begi la Seruni. Saa kumi na nusu alfajiri, mtoto wa miaka sita amekaa sakafuni, anafunga na kufungua begi lake kama fundi anayejaribu mashine.

"Seruni, lala."

"Nimeshalala, mama. Nimemaliza."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimechoka tu kidogo."

Hilo "kidogo" ndilo lililonitoa kitandani.

Wewe uliyenifuata tangu wiki ya kwanza utanivumilia, maana wapo wanaonisoma leo tu. Mimi ni Marwiyah, mzaliwa wa kisiwa cha Batam. Mchana nilikuwa nachomelea vipande vya redio kiwandani, jioni nasoma darasa la watu wazima. Niliolewa na Kamsani, fundi wa viyoyozi wa Singapore, mji ulio mbele yetu ng'ambo ya maji. Tulifungishwa ndoa na ustadhi na mashahidi wawili, bila cheti cha serikali. Kila wiki ya pili alikuwa anavuka kuja kwetu. Kutuchukua hakuweza, alisema, kwa sababu anaishi na mama yake mgonjwa. Miezi saba kabla ya alfajiri ile akaacha kuja. Simu ikawa haipatikani.

Na Seruni ni mgonjwa wa damu. Tangu ana mwaka mmoja alikuwa anaongezewa damu kila mwezi. Sasa mwili wake ulikuwa umeanza kuzikataa damu za watu. Alhamisi ya wiki ile daktari alifunga mlango kabla ya kusema.

"Mama Seruni, tumebakiwa na kumpandikizia uboho wa mifupa kutoka kwa mtu mwingine. Wako tumeupima, haufai. Mlete baba yake. Na kama mtoto ana ndugu wa damu, hata wa baba mmoja, mlete na yeye."

"Nina muda gani, daktari?"

"Wiki, mama. Usinihesabie miezi."

Nilichokuwa nacho ni bahasha moja ya bili ya umeme, aliyoisahau Kamsani ndani ya koti. Juu yake anwani ya Singapore: mtaa wa Bedok, jengo namba 214, ghorofa ya tisa.

Sasa nikiri jambo nililoliruka wiki zote hizi. Bahasha ile nilikaa nayo mwaka mzima. Na jina lililoandikwa juu yake halikuwa la Kamsani. Lilikuwa la mwanamke: Rohaya. Nilijiambia huyo ndiye mama yake mgonjwa. Sikuuliza. Nilijua swali lile likishatoka mdomoni halitarudi.

Ndiyo hivyo, Jumapili asubuhi nikamvalisha mwanangu gauni lake la Idi, nikavaa nguo yangu nzuri, tukapanda boti.

*

"Unamtembelea nani?" afisa wa uhamiaji aliniuliza.

"Mume wangu."

"Namba yake ya simu?"

Nikaitaja. Akaipiga palepale, akasikiliza, akaiweka simu chini.

"Haipo hii namba."

"Najua, bwana. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu."

Alinitazama, akamtazama Seruni, aliyeegemeza shavu kwenye ile kaunta ya bati kwa sababu ina ubaridi. Akauliza kama tikiti ya kurudi ninayo. Ninayo, boti ya mwisho usiku huu huu. Akagonga muhuri.

"Na urekebishe saa yako, dada. Huku tumewatangulia saa moja."

Hata dakika tano sijamaliza katika mji ule, tayari nilikuwa nimepoteza saa nzima.

Leo nakaa hapa hapa, na mimi ndiye ninayewaambia wageni wasimame kushoto kwenye ngazi za umeme. Siku ile niliambiwa mimi, tena mara nne. Kila mtu alijua pa kusimama, pa kugusa kadi, pa kutupa karatasi. Sauti ya mwanamke asiyeonekana ilisema jina la kila kituo kabla hatujafika. Nikaanza kuwa na matumaini. Nikawaza, mji uliopangwa hivi, mtu atapoteaje humo? Nitamwona tu.

Ndani ya treni nikampa Seruni biskuti.

"Weka hiyo, mwanangu," shangazi mmoja wa Kichina aliniambia kwa Kimalai cha sokoni. "Humu hakuliwi."

"Anaumwa, shangazi. Tangu alfajiri hajatia kitu tumboni."

"Anaumwa, haumwi, kamera itajuaje?" Lakini aliinuka, akamkalisha Seruni kwenye kiti chake. "Mweupe kama karatasi mtoto huyu. Mnakwenda wapi?"

"Bedok."

"Bedok!" Alicheka mpaka akashika nguzo. "Bedok iko nyuma yako! Nusu saa nzima umekaa humu unaikimbia."

Alishuka nasi kituo kinachofuata, akatuvusha upande wa pili wa jukwaa, akatupandisha treni ya kurudi. Mlango ulipokuwa unafunga alinionyesha kidole: "Usimpe biskuti!"

Tuliposhuka Bedok ilikuwa saa sita mchana, saa yao. Nikambeba Seruni mgongoni. Tukafika barabarani, taa nyekundu. Gari hakuna. Baiskeli hakuna. Watu kumi na tano wamesimama kama wanasubiri jeneza lipite.

Mimi sikuwa na muda wa kusubiri. Nikavuka.

"We dada!" mwanamume mmoja akanipigia kelele. "Una mtoto mgongoni unamfundisha nini?"

Nimeshatukanwa kiwandani, nimeshafokewa na mwenye nyumba. Hakuna kilichonichoma kama lile neno. Nilirudi. Nilirudi kwa kweli, nikasimama nyuma ya wale watu kumi na tano, macho chini, mpaka taa ikawa kijani.

Halafu majengo. Kila jengo ni pacha wa mwenzake: ghorofa kumi na mbili, rangi moja, fito za nguo zimetokeza madirishani. Nilizunguka mpaka nikarudi nilipotoka. Palikuwa na mzee anafagia majani.

"Mjomba, nisaidie, jengo 214 liko wapi?"

"Namba iko ukutani."

"Wapi?"

Akanielekeza juu kwa mpini wa ufagio. Namba zenyewe ndefu kuliko mimi, zimepakwa rangi nyekundu ubavuni mwa jengo. Mia mbili na kumi na nne.

"Tumeandika kubwa hivyo," alisema, "bado mnauliza. Tuandike mbinguni?"

*

Nilisikia matari kabla sijafika.

Kando ya barabara walikuwa wamesimamisha zile fito zenye maua ya karatasi zinazomeremeta, na chini ya jengo, kwenye ule ukumbi wake usio na kuta, kulikuwa na meza ndefu, vitambaa vya zambarau, watu pengine mia tatu. Harusi. Jengo la tatu kutoka pale kulikuwa na harusi nyingine, na maua yaleyale.

Lifti niliiona nyuma kabisa, ng'ambo ya meza zote.

Mlangoni alikuwapo mzee amejifunga kitambaa cha nyuzi za dhahabu kiunoni, anapokea wageni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibuni, karibuni! Mmechelewa, maharusi wameshakaa."

"Mjomba, mimi naitafuta lifti tu..."

"Lifti haina miguu, utaikuta. Kwanza mle. Nyinyi wa kiumeni, upande wa bwana harusi, eti?"

Sikujibu. Seruni akanong'ona shingoni mwangu, "Mama, kuna wali."

"Msikie mwenye akili!" mzee akacheka. "Haya, wapisheni wageni wa kiumeni!"

Mtu wa hapa ataniambia, Marwiyah, hilo nalo la kushangaza? Kila Jumapili yuko aliyekula harusi isiyo yake, kisa amefuata maua ya jengo la jirani. Wa kikeni wanadhani ni wa kiumeni, wa kiumeni wanadhani ni wa kikeni. Na hakuna atakayeuliza mara mbili, maana kumwuliza mgeni "wewe nani?" ni aibu ya mwenye harusi, siyo ya mgeni. Nilijua ninadanganya kwa kunyamaza. Lakini miguu ya mwanangu ilikuwa baridi mikononi mwangu, na jua lile la saa saba.

Nikasema, ale tonge tano. Kisha tupande ghorofa ya tisa.

Tukaletewa wali wa samli, nyama ya nazi, achari ya nanasi. Kando ya kila sahani kulikuwa na yai la kuchemsha kwenye kikapu kidogo, zawadi ya mgeni, na kikadi kimefungwa utepe. Nilikisoma huku namtafunia Seruni nyama.

*Nadirah binti Kamsani.*

Nilikisoma tena.

Kamsani wako wengi, nikajiambia. Kwetu Batam peke yake nawajua watatu. Mmoja anauza kuku.

"Mbona huli wewe?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, gauni la zambarau, jasho puani, amevua viatu na kuvishika mkononi. Akavuta kiti akajitupa.

"Niache nikae dakika moja hapa kwenu, wasinione. Tangu jana sijakaa. Miguu hii si yangu tena." Halafu akamwona Seruni. "Jamani, huyu! Njoo hapa, mwanangu. Mbona mikono baridi hivi?"

"Hana damu ya kutosha," nilisema.

"Anakula?"

"Kidogo."

"Kidogo si kula." Akaosha mkono kwenye bakuli, akafinyanga tonge, akalipuliza, akamlisha. Seruni, anayenitemea mimi hata uji, alifungua mdomo kama kinda. La pili. La tatu. "Unaona? Mama zenu hawajui kulisha. Mimi nimelisha watatu mpaka wakawa minazi."

Nikacheka, nikaanza kula na mimi. Nisiwafiche, nilimpenda mwanamke yule.

"Mwenzangu," alisema, "hata jina sijakuuliza. Mimi Rohaya. Mama wa bibi harusi."

Tonge likanikwama.

Nilikunywa maji. Yeye akanipigapiga mgongo. "Pole, pole. Ni pilipili ya dada yangu hiyo, haina huruma."

Nyama ya nazi ikawa kama udongo mdomoni. Kumbe siku zote, kila wiki ya pili, wakati mimi nampigia pasi shati, kuna mwanamke huku ameambiwa mume wake ana kazi ng'ambo. Na mwanamke mwenyewe ni huyu, mwenye mchuzi wa mwanangu vidoleni.

"Hongera sana, dada," nilisema. Sijui sauti ilitoka wapi. "Una watoto watatu?"

"Watatu. Nadirah ndiye wa kwanza, yule pale kwenye jukwaa. Na wale wawili wanaobeba viti."

Nikawatazama. Binti chini ya taji, mashavu mekundu. Vijana wawili warefu, wanabeba viti sita kwa mara moja, wanatupiana maneno ya utani.

Ningepaswa kulia. Badala yake nilihesabu. Mmoja, wawili, watatu. *Ndugu wa damu, hata wa baba mmoja.* Mungu anisamehe: katikati ya aibu ile yote, nilifurahi.

"Wazima?" niliuliza.

"Nani?"

"Watoto. Hawaumwiumwi?"

"Swali gani hilo la harusini!" Rohaya alicheka. "Wazima kama ng'ombe. Yule mrefu anamaliza sahani nne, halafu ananiuliza, mama, tunakula saa ngapi?"

Akamfuta Seruni midomo kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe. Kisha akaniinamia, sauti ya chini.

"Na baba yake huyu yuko wapi?"

"Kazini."

"Leo Jumapili?"

"Leo Jumapili."

"Wanaume," alisema, akanishika mkono. "Usijali. Ukihitaji kitu, nyumba yangu ni hapa juu, ghorofa ya tisa. Hatuulizani upande gani. Sasa tumekuwa watu wamoja."

*

Niliamua haraka, kama mtu anayerukia boti. Sitaivunja harusi ya binti wa watu. Huyu mama sitamfanyia hivyo mbele ya wageni mia tatu. Nitatoka, nitakaa kwenye benchi karibu na lifti, nimsubiri Kamsani hata mpaka jioni. Atapita tu, nyumba ni yake. Nitamwambia maneno kumi: sitaki mume, sitaki kitu, nataka damu yako ipimwe, na ya wanao. Kisha nitapanda boti ya mwisho.

Seruni alikuwa amesinzia mapajani kwangu, tumbo limejaa. Nikamwinua begani.

"Dada, tunashukuru. Tunakimbilia boti."

"Wapi! Uondoke hujamsalimu baba wa bibi harusi? Watu wa kiumeni watatusema mwaka mzima." Akasimama, akapaza sauti juu ya meza zote. "Baba Nadirah! Hebu njoo huku!"

Akaja.

Alikuwa amebeba mfuko wa barafu begani, suti ya hariri imelowa upande mmoja. Kidevu cheupe, laini, kama kijana. Alikuwa anamcheka mtu nyuma yake. Kisha akageuka akaniona.

Mfuko haukuanguka. Nilidhani utaanguka. Aliutua taratibu mezani, akajipangusa mikono kwenye suruali, moja, halafu nyingine.

"Karibu," alisema. "Karibu sana. Samahani, dada. Wewe wa upande gani?"

Miaka saba ya ndoa, wasomaji wangu. Wa upande gani.

"Wa kiumeni, sasa wa nani tena?" Rohaya akamjibu. "Ametoka ng'ambo na mtoto mgonjwa, maskini, na bado amekuja kutushika mkono. Wewe ndugu zako wa barabara ya pili tu hawajafika."

"Wa kiumeni," nikasema na mimi.

Nikaona mabega yake yakishuka. Alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Nikamkazia macho, nikasema polepole, kila neno mahali pake:

"Tunaondoka, shemeji. Ila mtoto hali yake si nzuri, daktari amenipa wiki chache tu. Tutapumzika kidogo kwenye benchi pale karibu na lifti."

Alimtazama Seruni begani kwangu, ile mishipa ya bluu kwenye kope zake.

"Nitawasindikiza," alisema. "Nipeni dakika tano. Nitakuja. Wallahi nitakuja."

Na nilimwamini. Yale matumaini ya asubuhi kwenye treni yalirudi yote kwa mkupuo. Dakika tano! Hakuna atakayejua. Harusi itaisha vizuri, Rohaya atalala usingizi wake, na baba wa mwanangu atapimwa damu. Niligeuka. Benchi nililiona. Hatua thelathini.

"Aa-aa," alisema Rohaya. "Na mdogo mwenyewe je? Ameamka huyo, anaona aibu tu. Shuka, mwanangu. Mpe mkono baba wa bibi harusi."

"Amechoka, dada, muache..."

"Mkono tu!" Na mikono yake ilikuwa tayari kwenye makwapa ya Seruni, akamtua chini.

Matari yalikuwa yamenyamaza. Jukwaani maharusi walikuwa wanapigwa picha, na wale vijana wawili walikuwa wamekuja kuchukua barafu, wamesimama nyuma ya baba yao.

Seruni alipepesa macho ya usingizi. Akaupokea ule mkono mkubwa kwa mikono yake miwili, akaubusu kama nilivyomfundisha. Lakini hakuuachia. Aliinua uso, akakitazama kile kidevu kwa muda mrefu.

"Baba," alisema, "umenyoa ndevu."